Barabara Isiyoshika

Wanawake wamenilaza kwenye godoro lililotandikwa chini sebuleni, na mama mkwe wangu, aliyeegemea ukuta, ananiambia, fumba macho kidogo, mwanangu, tangu tumzike Ambakisye hujalala. Ni mchana. Uani turubai linapigwapigwa na upepo. Nafumba macho, na godoro linaanza kuteleza. Linapita kati ya wanawake bila kuwagusa, linatoka mlangoni, na ninapofumbua macho godoro halipo, niko wima juu ya barabara nyeusi inayong'aa kama kioo, nami ninakwenda bila kutembea. Najaribu kusimama, siwezi. Nakanyaga, mguu unateleza. Nachuchumaa, nakwangua lami kwa kucha, kucha haziachi hata alama. Pembeni kuna mji, na chini ya barabara kuna mji huohuo umepinduliwa, maduka yake yananing'inia, na katika miji yote miwili watu wanapita wima, kimya, kila mmoja kwenye mstari wake ulionyooka, kama waliosukumwa mara moja zamani wakasahauliwa.

Mtu mmoja anakwenda sambamba nami. Amevaa koti la mvua, na pale penye uso ana ngozi tupu. Namuuliza, hapa watu husimamaje. Anasema, hawasimami, husimamishwa. Namuuliza, breki ziko wapi. Anasema, breki ni ugomvi wa vitu viwili vinavyogusana, na hapa hakuna kinachogombana na kingine. Namwelewa, na kuelewa huko kunaniumiza, maana mimi ni mwalimu wa fizikia, kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba kitu kilichokwisha kuanza kwenda huendelea kwenda mpaka kani nyingine ikizuie, nao huandika, kengele hulia, tunatoka. Lori la mume wangu lilikuwa limejaa saruji. Breki ziliposhindwa kwenye mteremko, hakuna aliyehitaji kunieleza kilichofuata. Nauliza, Ambakisye yuko wapi. Asiye na uso anasema, anakuja, anakwenda unakotoka. Nageuka nyuma. Barabara inakatika, inashuka kwenye korongo lisiloonekana chini yake. Nikigeuka tena mbele, yule mtu hayupo, na kwa mbali, juu ya mstari wangu hasa, anakuja mume wangu.

Amevaa shati alilosafiri nalo. Mikono ameinyoosha mbele kana kwamba bado ameshika usukani. Tusekile, pisha, anasema. Siwezi kupisha, namwambia, hapa hakuna pa kukanyagia. Nakuja kwa nguvu, mke wangu, utaumia. Nampa mkono, naye anaupokea, lakini vidole vyetu vinapitana kama vimepakwa sabuni, maana hata kushikana mikono kunahitaji msuguano, na hapa haupo. Basi naweka viganja kifuani pake na kumsukuma kwa nguvu zote nilizo nazo. Nasikia mwendo wake ukiingia ndani yangu, kwanza viganjani, kisha mabegani, kisha mgongoni. Anapungua kasi. Anapungua tena. Anasimama. Mimi ndiye ninayerudi nyuma sasa, kwa kasi kubwa kuliko aliyokuja nayo, kwa kuwa mimi ni mwepesi na mwendo wake wote nimeuchukua.

Njoo, namwita. Anainua mguu, anaushusha, anauinua, haendi popote. Kilichotulia huendelea kutulia. Na hilo pia nimelifundisha. Nimemzuia asitumbukie korongoni, na kwa viganja vyangu mwenyewe nimemweka mahali ambapo hataondoka kamwe, wala hakuna wa kumgusa. Anaanza kuwa mdogo. Lugano anakula, ananiuliza. Anakula, nasema, ingawa mtoto wetu hajaweka kitu mdomoni tangu msiba. Usimwache alale na njaa. Simwachi. Anasema jambo jingine, silisikii, naona midomo tu, kisha siioni hata hiyo, na barabara inaisha chini ya visigino vyangu.

Mwanangu, anasema mama mkwe, umelia usingizini. Niko juu ya godoro. Namuuliza, amesimama, mama? Nani amesimama? Ambakisye. Mama anajifuta macho kwa ncha ya khanga, kisha anasema, tumemzika, Tusekile, ulikuwepo. Nishike, namwambia. Nimekushika, mwanangu. Nautazama mkono wake juu ya mkono wangu, vidole vimebana mpaka ngozi imekunjamana, nami sisikii chochote. Namwomba abane zaidi. Anabana. Mlango uko wazi, na huko nje viti, sufuria, turubai na waombolezaji vinapita taratibu, vyote kuelekea upande mmoja, na sijui kama ni wao wanaokwenda au ni mimi.