Wali wa Saturia

Siku Parmenia Cuero aliposhuka melini, aliacha ameloweka maharage.

Ilikuwa Jumanne, gatini Buenaventura. Saturia, meli ya mbao yenye injini moja kuukuu, ilikuwa imeshapakia saruji, mafuta ya taa na magunia ya mchele wa kupeleka mto Yantero. Parmenia alikuwa mpishi wa meli hiyo kwa miaka kumi na tisa. Asubuhi ile alitoka jikoni ameshika ubavu, akamwambia mumewe Climaco, fundi wa injini, kuwa tumbo linamkata. Angekwenda kulala siku mbili tatu kwa dada yake Eustaquia, mpaka limwachie.

"Basi nabaki nawe," Climaco akasema.

"Ubaki ufanye nini, unipepee? Bamvua linaisha keshokutwa. Mkilikosa mtakaa nje ya mlango wa mto wiki nzima mkihesabu ndege. Nenda, baba. Maharage yapo kwenye ndoo. Usiyamwage maji yake."

Hakuna mtu wa mito ile ambaye angesema vinginevyo. Kwenye mlango wa Yantero kuna fungu la mchanga, na meli iliyosheheni hulivuka siku za bamvua tu, maji yanapojaa kupita kiasi. Zikifika siku za maji mafu, aliye ndani hukaa ndani na aliye nje hukaa nje. Watu wa huko huoa, huzaa na husafiri kwa kufuata bamvua. Kwa hiyo Climaco alimtazama mkewe akivuka ubao kwenda nchi kavu, amejifunga kanga yake ya kichwa ya kijani, hakugeuka nyuma, naye akashuka chini kuwasha injini.

Walivuka fungu Jumatano, wakapanda mto mpaka usiku. Jumamosi, wakiwa wamemaliza kushusha saruji na wameanza kupakia magogo, redio ya duka la kijiji cha huko ikasoma salamu za watu wa mitoni kama ilivyo kawaida yake: fulani amejifungua salama, fulani alete nguruwe, fulani anangojwa na mkewe na ajue kwa nini. Watu wakacheka. Kisha msomaji akasema: Bwana Climaco Riascos wa meli Saturia, popote alipo, anaarifiwa kuwa mkewe alifariki Jumatano usiku na amezikwa Alhamisi. Sala ya siku ya tisa itakuwa Ijumaa ijayo, nyumbani kwa Eustaquia.

Climaco alikuwa amekaa juu ya gunia. Akaendelea kukaa.

Nahodha Obregón alihesabu kwa vidole. Bamvua linalofuata lingeanza Jumatano. Wakivuka siku hiyo, wazito kwa magogo, na injini isiwatie aibu, wangefika Buenaventura Ijumaa alasiri. Mapema zaidi ya hapo haikuwezekana, hata kwa kulia.

"Kwa mtumbwi je?" Climaco akauliza.

"Kwa mtumbwi ni siku sita, na bahari ilivyochafuka utafika umevimba. Ngoja, fundi. Na wewe pia utangoja kama sisi wengine."

Akangoja. Katika siku zile nne za kungoja, jambo moja lilimwingia kichwani likakataa kutoka. Siku ya tisa jamaa huwalisha waliokuja kusali. Yeye hakumfumba macho mkewe, hakubeba jeneza, hakutupa udongo. Alikuwa hana cha kupeleka katika nyumba ile. Lakini kulikuwa na wali wa Parmenia, wali wa nazi na papa mkavu, ambao wapakizi wa gatini walikuwa wakiunusa toka mbali na kupanda melini kwa visingizio. Akaapa kuwa siku ya tisa wali huo utakuwa mezani.

Ndipo alipogundua kuwa hajui unavyopikwa. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa chini ya sakafu, kati ya moshi na kelele, na sahani yake ilikuwa ikishushwa kwa kamba. Alikuwa akila, akigonga sahani mara mbili kusema ahsante, na kamba ikipanda. Hakuwahi kuona hata mara moja mchele ukiingia sufuriani.

Jumatano, wakiwa wametia nanga mlangoni kungojea maji yajae, akaiacha injini akaingia jikoni na Wilfrido. Wilfrido alikuwa baharia wa makamo, mcheshi, mkunaji wa nazi wa Parmenia kwa miaka minane.

"Mimi najua nazi tu," Wilfrido akasema. "Nazi nne. Tui zito unaliweka kando, ukiligusa unachapwa mwiko. Tui jepesi ndilo linalopikia. Papa unamchemsha kidogo kwanza, unamwaga yale maji, unamchambua miiba."

"Na chumvi?"

"Chumvi sikuwahi kuiona. Nilimwona akiteka maji ya bahari kwa ndoo ndogo. Nilidhani ya kuoshea samaki."

Climaco akapekua jiko lote: sanduku la mchanga lenye mafiga matatu, kuni za mikoko, waya za kufungia vishikio vya sufuria meli ikiyumba, kopo lililotobolewa lililooteshwa majani ya chiyangua ya kutia harufu. Hakukuta chumvi hata punje. Basi naye akateka maji palepale, kibuyu kimoja cha bahari kwa vitano vya maji ya mvua, kwa kukisia tu.

Wakaketi kula. Plutarco, mshika usukani, mtu mzima kuliko wote, akatafuna kwa muda mrefu.

"Fundi," akasema mwishowe, "usinielewe vibaya. Huu wali una majani makavu ndani?"

"Una mto mzima ndani," Wilfrido akasema. "Mimi nimekuta na mtumbwi."

Hata Climaco alicheka, kisha akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Alhamisi alinunua pakiti ya chumvi kwa wachuuzi waliosogea na mitumbwi. Wali ukakolea, haukushikana wala kuungua, lakini ulikuwa wali wa mtu yeyote. Nahodha akamaliza sahani yake, akasema ni chakula kizuri, na Climaco akajua kuwa ameshindwa, kwa maana Parmenia hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwenye meli ile kuwa chakula chake ni kizuri. Walikuwa wakigombania ukoko.

Akapanda kwa Plutarco, akasimama karibu na usukani. Jua lilikuwa likielekea kutua. Kulia kwao pwani ilikuwa mikoko na milango ya mito, mmoja baada ya mwingine.

"Inanirudia sauti yake," Plutarco akasema. "Kila safari lazima apige kelele kutoka jikoni: 'Plutarco, tumepita Rasi ya Kasuku?' Nami namwambia bado, mama, tulia, huzami leo. Miaka yote nilimtania kuwa mwoga wa bahari. Nikichelewa kujibu, anagonga dari kwa mwiko."

"Parmenia hakuogopa bahari."

"Ndiyo maana nashangaa."

Climaco akatazama maji. Yalikuwa ya kahawia, yenye vijiti na povu la mito. Mahali pengine yalipaukia ukijani, kisha mto mwingine ukayachafua tena. Akauliza taratibu, kama anayeogopa kulitisha jibu:

"Baada ya Rasi ya Kasuku kuna mto?"

Plutarco akatazama pwani. "Hakuna," akasema. "Hakuna mto mpaka uingie ghubani. Pale ni chumvi tupu." Akavua kofia, akaishika kifuani. "Yesu wangu. Nami nilimwita mwoga."

Waliipita rasi Ijumaa, saa mbili asubuhi. Plutarco aligonga sakafu kwa kisigino, akapaza sauti, "Tumepita!" Climaco akatupa ndoo. Maji yakaja meupe kama kioo. Akapika kwenye sufuria kubwa kuliko zote, nazi kumi na mbili, papa wawili wazima, kibuyu kwa vitano, sufuria haijai zaidi ya nusu kwa sababu ya mawimbi, waya zimekazwa. Tui zito akalimimina mwisho, akafunika kwa jani la mgomba na kifuniko, akapalia makaa juu. Harufu ilipopanda, hakuna aliyetania. Wilfrido alikwenda akasimama nyuma ya meli, amewapa mgongo.

Waliingia Buenaventura saa tisa alasiri. Climaco na Wilfrido walibeba sufuria kwa mti mabegani, wakapanda kilima mpaka nyumba ya Eustaquia. Wanawake walikuwa uani wakichambua maharage. Mezani sebuleni palikuwa na madhabahu ya kitambaa cheupe, maua ya karatasi na glasi ya maji. Eustaquia akatoka mlangoni. Alikuwa na pua ya Parmenia na mabega yake, na Climaco ilibidi atazame chini.

"Umefika, shemeji," akasema. "Maji yamekuruhusu."

"Yameniruhusu."

"Na hicho?"

"Wali wake."

"Wake? Marehemu kapika?"

"Nimepika mimi. Onja. Ukisema si wake naumwaga, narudi na sufuria tupu."

Eustaquia akachukua kijiko, akafunua jani. Alionja akiwa amesimama. Uani wanawake walikuwa wameacha kuchambua. Akachota tena, akatafuna, akafumba macho, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeitwa jina na mtu aliye chumba cha pili.

"Maji ya baada ya rasi," akasema.

"Ulijua?"

"Ni wa mama yetu. Mama naye alipika melini. Ungeniuliza miaka hii yote ningekwambia. Ungemwuliza yeye angekwambia. Hakuna aliyekuficha."

"Sikuuliza."

"Hukuuliza." Akaweka kijiko chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, maneno ambayo kwa siku tisa alikuwa akiwakasirikia wengine ili yasimtoke: "Alikuulizia Jumanne yote. Jumatano mchana aliacha kukuulizia, akawa anauliza kama mmeshavuka fungu. Nikamwambia mmevuka. Nilijua wapi mimi? Nikamwambia tu mmevuka, akasema vizuri, akalala."

"Tulikuwa tumevuka," Climaco akasema. "Saa sita mchana."

"Basi sikumdanganya."

Eustaquia hakumkumbatia. Lakini akawaita wanawake wawili, wakaichukua sufuria, wakaingia nayo ndani, na waliokuja kusali wakapakuliwa wali huo, kila mtu sahani yake, bila kuambiwa nani kaupika. Wengi walirudia. Bibi mmoja asiye na meno aliuliza kama Parmenia aliupika kabla hajafa, na jirani yake akamwambia ale tu. Ukoko ulibaki, na Eustaquia akaukwangua mwenyewe, akampa Climaco kwenye kibakuli, nje, ukutani alikokuwa amesimama na kofia mkononi. Akala wote. Ulikuwa sawasawa kabisa na wa mkewe, na hilo halikumsaidia kitu.

Mpishi wa Saturia sasa ni Libia Sinisterra, mwanamke wa Timbiquí, mchapakazi, na maharage yake yanasifiwa. Climaco bado yuko kwenye injini, na meli bado huondoka na bamvua. Wali wa nazi haupikwi tena melini. Yeye ndiye aliyeomba usipikwe, na nahodha amekubali.