Ombi la Mama Thuraya kule Potsdam

Mama Thuraya alikuwa amepita miaka sabini alipotangaza mezani kwamba hataki kufa kabla hajaziona nyumba za wafalme wa Prussia kwa macho yake. Mwanawe Ghassan, aliyeishi Riyadh na siku hiyo alikuwa amekuja Jeddah kumsalimu, alidhani ni mzaha.

"Mama, dunia ina sehemu nyingi. Wafalme wa Wajerumani wa nini?"

"Nimewafundisha wasichana historia yao maisha yangu yote," alisema Mama Thuraya. "Nimewachorea ubaoni milango ambayo sijawahi kuikanyaga. Unaona ni haki hiyo?"

Rael, aliyekuwa akimimina chai, aligeuza uso ili bosi Ghassan asimwone akicheka. Alikuwa ametoka Molo, Kenya, kuja kufanya kazi katika nyumba ile ya mtaa wa Al-Safa, na mwanzo alimwita bibi huyo "madam" kama wenzake wote walivyowaita waajiri wao. Lakini ukimwogesha mtu, ukimvisha, ukimsuka nywele huku akikueleza vita vya watu waliokufa zamani, hilo "madam" hulegea lenyewe. Sasa alimwita mama, na Mama Thuraya hakuwahi kumkosoa.

Magoti yaliyomuuma ndiyo yaliyompatia mama safari yake. Ilisemekana kuna daktari mzuri Berlin, na kiangazi kile Ghassan akawapeleka wote wawili. Matibabu yalipokwisha, yeye akawa na mikutano yake, nao wakapanda teksi kwenda Potsdam, mama akiwa amevaa baibui na raba nyeupe, kiti chake cha magurudumu kimekunjwa nyuma.

Rael alitarajia jumba la kutisha. Badala yake alikuta nyumba ya manjano, ya ghorofa moja tu, imekaa juu ya kilima cha mizabibu kama mtu aliyejitenga na kelele za wenzake. Ndani ndiko kulikokuwa na makuu. Kwenye chumba cha muziki dari ilikuwa na utando wa buibui uliofinyangwa kwa dhahabu, na Rael, ambaye kila wiki alipanda ngazi kuondoa utando wa kweli, alisimama akiutazama mpaka mama akamgusa mkono.

"Hapa ndipo Mfalme Frederick alipopiga filimbi jioni," mama alimweleza kwa Kiarabu cha polepole, kile alichokitumia kwa Rael tu. "Wageni wanasikiliza, mishumaa inawaka. Mchana ni mezani na watu wa falsafa, wanabishana mpaka chakula kinapoa."

"Na mke wake?"

"Mke alikuwa na nyumba yake mbali, upande wa Berlin. Hapa hakuwahi kuitwa."

"Hata siku moja?"

"Nyumba hii ilikuwa ya wanaume na mbwa, binti yangu."

Walifika kwenye chumba cha kulala, na hapo mama akamwomba asimamishe kiti. Mbele yao, nyuma ya kamba, kulikuwa na kiti kingine, kikuukuu, cha kuegemea. Mama alikitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana na jamaa aliyekuwa akimsikia tu.

"Alifia hapo," alisema. "Hakuweza kulala, maana akilala pumzi inakatika. Mtumishi wake alipiga magoti akamshika kifuani usiku kucha, amekaa wima, ili aweze kupumua. Hakuna mtoto, hakuna mke. Mtumishi tu."

Rael alirekebisha blanketi miguuni pa mama na kukisukuma kiti nje, kwenye jua.

Kaburi lilikuwa hapohapo kwenye uwanja wa juu, kando ya nyumba: mawe bapa yaliyolazwa kwenye nyasi. Juu ya moja, watu walikuwa wameweka viazi.

"Viazi?" Rael alishangaa. "Kwetu Molo ndiko kwa viazi, na sijaona mtu akivipeleka makaburini!"

Mama Thuraya alicheka mpaka akafuta machozi. Alimweleza kwamba mfalme yule ndiye aliyewahimiza watu wake wapande viazi, nao hawajamsahau. Kisha akanyoosha kidole. "Na hayo mawe mengine, hao ni mbwa wake."

"Mbwa! Karibu na mfalme?"

"Alitaka mwenyewe. Aliandaa kaburi hili angali hai, akaagiza alazwe hapa bila sherehe, pamoja nao." Mama alikunja pua kidogo, maana mbwa hakuwapenda. Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mpwa wake aliyerithi kiti alikataa. Aliona ni aibu. Akamzika kanisani mjini, ubavuni pa baba yake. Unajua baba huyo alikuwa nani? Ndiye aliyemlazimisha kijana wake asimame dirishani wakati rafiki yake anapelekwa kukatwa shingo. Huyo ndiye waliyemlaza naye. Vita vikaja, jeneza likahamishwa huku na huku. Zaidi ya miaka mia mbili ilipita kabla hajaletwa mahali alipopaomba."

Watalii walipita wakipiga picha. Mama Thuraya aliwangoja waende.

"Rael. Kabla ya Ghassan nilikuwa na mtoto wa kike."

Rael alichuchumaa mbele ya kiti ili amwone uso.

"Nawal. Tulikuwa tukiishi Balad, mji mkongwe wa Jeddah, katika nyumba ya baba mkwe, zile nyumba za mawe ya matumbawe. Homa ilimchukua akiwa na miaka mitano. Wanaume walimbeba asubuhi, mimi nikabaki nyuma ya dirisha la mbao nikiwasikia wakishuka ngazi. Kwetu wanawake hatufuati jeneza, na makaburi hayaandikwi majina. Najua tu yuko ndani ya ule ukuta wa makaburi, karibu na Balad. Mume wangu hakuweza kulisikia jina lake, kwa hiyo halikutajwa tena. Ghassan hajui kwamba alikuwa na dada."

"Mama, pole. Pole sana."

"Mfalme ameomba mbwa wake. Mimi siwezi kuomba mtoto wangu?" Alimshika Rael mkono. "Nikiondoka, nizikwe Jeddah. Kwenye ukuta uleule. Hata kama ni mbali naye kiasi gani, tuwe ndani ya ukuta mmoja."

"Mwambie bosi mwenyewe, mama. Mimi ni nani wa kubebeshwa haya?"

"Nitamwambia. Habari ya Nawal ni yangu kumwambia, wewe usiitaje. Wewe kumbuka Jeddah tu. Nakwambia kwa sababu wewe ndiye utakayekuwepo."

Rael aliahidi.

Waliporudi Al-Safa, kila Ghassan alipopiga simu Rael alimtazama mama kwa jicho la kuuliza, na mama akatikisa kichwa. Si jambo la kwenye simu, alisema. Atamwambia Idi, watu wakiwa wametulia. Lakini kabla ya Idi, asubuhi moja, kikombe kilimtoka mkononi, uso ukapinda upande mmoja, na Rael akapiga kelele mpaka Griffins, dereva wa nyumba ile, akaingia mbio bila viatu.

Mama hakufa. Maneno ndiyo yaliyokufa. Katika lugha yote aliyokuwa nayo, mashairi na vita na majina ya malkia, lilibaki neno moja: yalla, yaani twende. Akitaka maji, yalla. Akiumwa, yalla. Ghassan aliona hawezi kumwacha mbali na macho yake katika hali ile, akampeleka Riyadh nyumbani kwake, na Rael akaenda naye.

Chumba chao kilikuwa kikubwa, chenye pazia zito na hewa kavu iliyompasua Rael midomo. Kila alasiri mama aliinua mkono wake mzima akaelekeza kwenye sanduku lake la safari lililokuwa juu ya kabati.

"Yalla," alisema. "Yalla, yalla."

Ghassan alidhani anataka gauni fulani, na Rael akatoa yote moja moja, mama akiyasukuma kwa hasira. Rael alijua tangu siku ya kwanza. Jioni moja akajikaza, akaenda kusimama kwenye mlango wa ofisi ya bosi.

"Bosi, samahani. Mama anataka kurudi Jeddah. Kule Ujerumani aliniambia kwamba siku yake ikifika, azikwe..."

Ghassan alisimama ghafla. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa amekonda tangu mama yake augue, na alikula akiwa amesimama.

"Nani anakufa humu ndani?"

"Bosi, ni yeye aliyesema."

"Daktari anasema anapata nafuu. Mimi namwombea kila swala, na wewe unakuja kunitajia kaburi? Halas, inatosha, Rael. Sitaki kulisikia tena neno hilo."

Rael alirudi chumbani. Mama alikuwa macho, akimngoja. "Nimejaribu," Rael alimwambia, na mama akafumba macho.

Mama alifariki asubuhi moja, baada ya uji. Pumzi ilianza kukwama, na kila Rael alipomlaza ilizidi. Akapanda kitandani nyuma yake, akamwegemeza kifuani pake, akawa anamwita bosi kwa sauti huku akiuhisi moyo wa mama ukigonga mbavu zake mwenyewe. Ghassan alifika, akaushika mkono wa mama yake na kumnong'oneza shahada sikioni. Mama aliichezesha midomo kana kwamba anaitafuta. Halikusikika hata lile neno lake moja. Kisha uzito wake ukabadilika juu ya kifua cha Rael, na Rael akajua kabla ya mwanawe.

Nyumba ikajaa watu. Ghassan alisimama ukumbini, macho mekundu, simu mkononi, akipanga mambo. Rael alimwendea mbele ya wageni wote, na kwa mara ya kwanza akamwita baba.

"Baba, Jeddah. Tafadhali. Aliniomba Jeddah."

"Amefia Riyadh, atazikwa Riyadh, leo baada ya swala ya alasiri. Maiti hacheleweshwi, Rael. Ndiyo heshima yake."

"Kuna sababu, baba. Kuna mtu..."

Lakini wanaume walikuwa wameingia na jeneza, na mmoja wa shangazi zake Ghassan akamshika Rael bega kwa upole akamtoa. Wanawake wa ukoo walifunga mlango wakamwosha mama. Rael, kwa kuwa alikuwa Mkristo, alingoja nje akiwa ameshika kitana. Alisikia maji yakimwagwa. Mwili ule aliujua kila kovu, kila mahali palipouma ukipagusa, na alitaka kuwaambia wasiuinue mkono wa kushoto juu sana. Hakuna aliyemuuliza. Baadaye walimpitisha mbele yake amefunikwa, akashuka ngazi mabegani mwa wanaume, na mlango wa nje ukafungwa.

Siku za matanga zilipopita, Ghassan alikuja jikoni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kufika. Rael alikuwa akiosha vikombe vya kahawa.

"Ulisema kuna sababu," alisema. "Silali. Niambie."

Rael alizima bomba. Mwenye habari ya Nawal hakuwepo tena kuisema. Alimweleza kuhusu nyumba ya manjano, na mawe kwenye nyasi, na kile mama alichosema watalii walipoondoka. Alipolitaja jina la Nawal, Ghassan alikunja uso kama asiyesikia vizuri.

"Dada yangu?"

"Ndiyo, baba. Alitaka kukwambia Idi."

Ghassan alivuta kiti akakosa kukikalia sawasawa, akaishia sakafuni, mgongo kwenye kabati, akalia kwa sauti. Rael hakujua afanye nini. Mwisho akakaa sakafuni naye, si karibu sana, akalia kilio chake.

Kumhamisha mama hakukuwezekana. Ghassan aliuliza wanazuoni, nao walimjibu kwa huruma kwamba aliyezikwa vyema hafukuliwi tena kwa ajili ya hilo. Basi akapanda ndege na Rael kwenda Jeddah kuifunga nyumba ya Al-Safa, na jambo la kwanza, hata kabla ya kuifungua milango, alimwambia Griffins awapeleke Balad.

Griffins aliegesha kando ya ukuta mrefu mweupe wa makaburi. Ghassan aliingia peke yake. Rael alibaki garini, dirisha limeshushwa, joto likiingia pamoja na harufu ya bahari na ya mikate ya duka la jirani.

"Sister, jikaze," Griffins alimwambia akimtazama kwenye kioo cha ndani. "Ulifanya yako yote."

"Griffins, nilimwahidi."

"Najua."

"Aliniambia mimi ndiye nitakayekuwepo. Na nilikuwepo. Imesaidia nini?"

Griffins akampa karatasi za kufuta machozi.

Ghassan alirudi baada ya muda mrefu. Kanzu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini, na viatu vyake alikuwa amevishika mkononi. Aliingia nyuma, akakaa, akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Mlinzi ni mzee, lakini si mzee kiasi hicho," alisema. "Wa miaka ile hajui walilazwa wapi. Ni mchanga tu, Rael, mchanga na mawe madogo, mwisho wake huuoni. Nilitaka kumsalimu. Sikujua nisimame wapi."

Nje, mtu alipita akisukuma mkokoteni wa maboksi.

"Twende wapi, baba?" Griffins aliuliza.

Alisubiri kidogo, kisha akawasha gari akaondoka taratibu kuufuata ukuta, na Rael akaegemeza kichwa kwenye kioo, akiutazama mpaka ukaisha.