Raia Watatu Kabla Chai Haijapoa

Abdisalan ni mtu wangu, lakini Jumapili ile nilimtazama kwa jicho la pembeni tangu nilipoingia sebuleni kwake. Alinisalimia kwa Kiturkana, "ejok", mara mbili, na sukari kwenye chai alinikorogea mwenyewe. Dereva wa lori ambaye siku ya mapumziko hulala mpaka alasiri, leo ananiita nicheze gemu? Mimi Lopeyok, polisi wa akiba, ninayelinda lori lake kwa bunduki kutoka Lodwar kupitia Kakuma hadi Kalobeyei, mwaka wa tisa sasa? Hapo pana kitu, nikajiambia.

Mashine aliinunua Kakuma kwa Mkongo mmoja aliyekuwa anahamia Kanada. Ilikuja na TV ya kichogo, maana zile bastola zake za plastiki hazielewani na TV bapa za siku hizi. Gemu lenyewe halina ugumu. Majambazi wanachomoza milangoni na madirishani, unawapiga. Ila katikati yao wanatokea raia, na ukimpiga raia unapoteza uhai mmoja. Una tatu tu.

Raundi ya kwanza niliua raia watatu kabla chai haijapoa.

Nikasema bastola ni mbovu. Ayaan, binti yake ambaye ni mwalimu hapa Nawoitorong, Lodwar, akaichukua hiyo hiyo na kupita hatua mbili bila kumgusa raia. Nikabadilisha bastola. Nikalenga upya ile alama ya katikati ambayo mashine inataka uipige kwanza ili ikuzoee. Alama niliipiga barabara, kubwa na nyeusi ilivyo. Halafu raia wakaanza kufa tena.

Nikaona Abdisalan haangalii TV. Ananiangalia mimi, na hacheki, yeye anayecheka hata tairi likipasuka. Ndipo nikakumbuka Kalobeyei. Wiki mbili kabla, tukirudi, jambazi alisimama kando ya barabara na silaha juu. Nilishamlenga, kidole tayari, Abdisalan akapiga honi ndefu na kukata usukani, mtu akapotelea vichakani. Nilimpa za uso mpaka Kakuma. Tangu siku hiyo nilikuwa najiuliza kwa nini alimpa jambazi nafasi ya kutoroka. Na sasa ananiaibisha mbele ya binti yake kwa kidude cha plastiki. Huyu anataka nionekane sifai ili aweke mlinzi wake. Iliniuma, nikamwambia hivyo hivyo bila kumung'unya.

Alimwambia Ayaan asimamishe picha.

"Afande," akasema, "pale mlangoni kuna nani?"

"Jambazi. Ameshika bunduki."

"Sogea."

Nikasogea hatua moja. Bunduki ikabaki bunduki. Nikasogea ya pili, ya tatu, mwisho nikapiga magoti, joto la kioo likanigusa pua. Alikuwa mwanamke. Amembeba mtoto mkono mmoja, mwingine ameuinua, mdomo wazi.

Nilibaki pale chini. Macho yangu yalikuwa yakiwasha na kutoa machozi tangu kiangazi, na mimi nikalaumu vumbi la barabara. Nilijua na sikutaka kujua. Niliogopa.

"Yule wa Kalobeyei," nikauliza bila kugeuka, "alikuwa ameshika nini?"

"Ekicholong. Ni mzee, alikuwa anaomba lifti."

Ekicholong ni kile kigoda chetu cha mti, mzee wa Kiturkana hatembei bila hicho. Hukikalia mchana na kukifanya mto usiku. Changu kilikuwa pale mlangoni kwa Abdisalan, kando ya bunduki yangu. Nikamwuliza mbona hakuniambia siku ile. Akasema aliniambia, kwa sauti, na mimi nikamwita mwongo na mwoga. Ndipo akatafuta kitu ambacho nisingeweza kukiita mwongo.

Nikainuka. Nilitoa risasi kwenye bunduki moja moja, nikazifunga kwenye leso, na kumwomba Abdisalan anisindikize kituoni nikairudishe bunduki. Njia nzima nilimshika bega. Watu walikuwa wengi barabarani, wengine wameshika vitu, na mimi sikujua ni vitu gani.