Punguza Upepo

Machale yalinicheza tangu alfajiri, nilipoisikia baiskeli yangu inapumua koridoni. Fsss. Kutoka chumbani, nakutana na mume wangu anatokea upande wa baiskeli, kikombe cha chai mkononi, kaukausha uso.

"Umeamka?" ananiuliza.

Swali gani hilo? Nimesimama mbele yake macho kodo! Nikaenda kuyabonyeza matairi. Yamelegea yote mawili, na jana niliyaacha magumu. Nilichukua pampu nikajaza, huku namwangalia kwa pembe ya jicho.

Nilikuwa na sababu ya kumshuku. Mimi ni mshona nguo, nashinda nimeinamia cherehani. Daktari aliponiambia mgongo unataka mazoezi nikaanza kuogelea, nikaongeza baiskeli, nikaongeza kukimbia, mpaka nikajikuta nayafanya yote matatu kwa mpigo na watu wananiita mwanariadha. Leo yalikuwa mashindano ya kujipima tu, kabla ya yale makubwa ya mwezi ujao. Ya kujipima kwa jina, maana njia yenyewe vilima, halafu uwanda mtupu usio na hata kichaka. Sasa Jumapili mezani, wifi yangu akacheka eti utu uzima huu nimegeuka bata. Hasira zikanipanda, nikaropoka: "Nisipomaliza Jumamosi, baiskeli naigawa, na haya mambo naacha kabisa!"

Nilitegemea mume wangu atasema, usiseme hivyo mke wangu. Akasema, "Sawa."

Sawa! Hiyo sawa ilinikaa kooni wiki nzima. Mume wangu ni fundi bomba, na maneno anayatunza kama vipuri. Mteja akimwambia fungua hapa, anafungua. Akimwambia punguza maji, anapunguza, haulizi kwa nini. Wateja wanampendea hilo. Mimi linanitia wazimu, kwa sababu hujui anawaza nini.

Bwawani nako kila kitu nilikitilia shaka. Maji yametulia mno. Wifi kaja, na huyo ni mtu ambaye jua likichomoza anafunga madirisha aendelee kulala. Kakumbatia taulo langu, anatabasamu. Tabasamu la nini? Nikajisemea, hawa wameshapanga.

Kocha akanisogelea. "Dada, kuogelea unaweza, kukimbia unaweza. Kinachokumaliza ni upepo. Ukifika uwandani, lala kwenye usukani, punguza upepo."

"Najua, kocha. Nyumbani sina wimbo mwingine. Nalala na punguza upepo, naamka na punguza upepo."

Nikaenda kuandikwa namba mkononi. Wino haujakauka, nageuka kuitazama baiskeli yangu pale ilipotundikwa na za wenzangu, nani kachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma? Mume wangu. Kidole kwenye valvu. Fsss.

"Wee!" Nadhani nilisikika mpaka ng'ambo ya bwawa. Watu wote wakageuka. "Leo nimekukamata! Alfajiri umetoa, nikanyamaza. Umenifuata mpaka huku! Unataka nishindwe, nirudi kwenye cherehani nipinde mgongo mpaka nife? Jamani, adui yangu nalala naye kitanda kimoja!"

Akasimama taratibu, anajifuta mikono.

"Si umesema mwenyewe?"

"Nimesema nini mimi?"

"Upepo. Wiki nzima, punguza upepo, punguza upepo. Mpaka usingizini. Nikaona una mambo mengi, ngoja nikusaidie. Alfajiri nikapunguza. Sasa nakuja kukagua, nakuta umejaa tena. Nikasema labda nilitoa kidogo."

Kocha akakohoa, akageukia kwingine. Wifi kajifunika uso na taulo langu, mabega yanamcheza.

Loo! Mimi nazungumzia upepo wa uwandani, mwenzangu kaelewa wa kwenye matairi. Ningecheka, lakini ndipo nikaliona shati lake. Ni lile la harusini, kalipiga pasi mwenyewe, mkono mmoja umenyooka na mwingine una mikunjo. Mtu kavaa hivyo kuja kunitazama, nami nimemwita adui mbele za watu. Aibu ilinishika hata sikujua niweke wapi mikono.

"Na ile sawa?" nikamuuliza, sauti imeniishia. "Jumapili nilisema naacha, ukasema sawa."

"Ulisema usipomaliza." Akanitazama kama mtu asiyeelewa ninachouliza. "Si utamaliza? Sasa ningebisha nini?"

Wiki nzima nilikuwa nazungushana na sawa yake, nalala nayo, naamka nayo, na kumbe ilikuwa na maana hiyo tu.

Filimbi ya kutuita ikalia. Wenzangu wakaanza kushuka majini. Tairi la nyuma limelala kabisa, na baada ya yote niliyomtukana, sikujua naanzia wapi kumwomba. Nikasimama tu pale, machozi yananilenga.

Akainama mwenyewe, akachukua pampu kwenye mkoba wangu. Akaniuliza vile vile anavyowauliza wateja wake.

"Nijaze kiasi gani?"

"Mpaka liwe gumu kama kichwa changu."

Akakitazama kichwa changu, ndani ya ile kofia ya mpira ya kuogelea.

"Litapasuka," akasema, akaanza kupiga pampu.