Kengele za Jumatano

Kengele zilipoanza kulia, nilikuwa nimemshikia Bibi Desolina mkonga wa simu sikioni, maana mikono yake ilikuwa na unga mpaka viwikoni. Upande wa pili, huko Uingereza, mjukuu wake Elio alikuwa hajamaliza alilokuwa akilisema. Mlio ukaingia dirishani, ukapita juu ya meza ya tortellini, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, ukazama kwenye simu, na sisi watatu tukawa tunausikiliza kama watu waliofumaniwa.

"Bibi," Elio akasema hatimaye. Nilimsikia vizuri kwa kuwa kichwa changu kiligusana na cha Bibi. "Leo si Jumatano? Nani kashinda?"

Ni miaka mingi sasa, na mpaka leo nikifunga tortellini huwa nacheka peke yangu nikilikumbuka swali lile. Lakini bila ya kujua yaliyotangulia hutacheka nami.

Ilikuwa mwanzo wa Septemba, wiki ya mbio za magari za Monza, na kijijini kwetu Pozzolara hapakuwa na mazungumzo mengine. Elio Montorsi, mtoto wetu, bingwa wa dunia mara mbili, mkataba wake na timu ya Waingereza ulikuwa unakwisha. Wekundu, wale wa kiwanda cha magari cha ng'ambo ya mto kilicholisha nusu ya nyumba zetu, walikuwa wanamtaka. Au hawakumtaka. Au walimtaka, yeye ndiye aliyekataa. Ilitegemea umeingia baa saa ngapi. Jumatatu gazeti liliandika kwamba ameonekana Milano akila na wakili wa Wekundu. Jumanne ikabainika kwamba yule hakuwa wakili, alikuwa daktari wa meno.

"Lisemwalo lipo," alisema Gualtiero mwenye baa, akipangusa kaunta ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kama halipo laja," waliitikia wazee bila kuinua macho kwenye karata zao.

"Na lisipokuja?" niliuliza. Nilikuwa nimepeleka sinia la tortellini.

"Oriella, wewe kafunge vifuko vyako," Gualtiero akanijibu. "Mcheza kwao hutuzwa. Atarudi tu, anakwenda wapi?"

Nilicheka nao, lakini moyo haukuwa mwepesi, kwa sababu mimi nilishinda kutwa mezani kwa Bibi Desolina na nilijua walichokuwa hawakijui.

Bibi ndiye aliyemlea Elio tangu akiwa wa kubebwa. Wekundu walimjaribu alipokuwa na miaka kumi na tisa, wakamwambia asubiri. Waingereza hawakumwambia asubiri, wakamchukua. Tangu siku hiyo Bibi alikigeuza kiti chake kikaipa televisheni mgongo. Kila Jumapili ya mbio alikaa ameukabili ukuta, mikono magotini, akisikiliza tu. Elio akimaliza salama, alinyanyuka kwenda kuchemsha maji. Hakuwahi kumwona mjukuu wake hata mara moja ndani ya gari lile la kijani la Waingereza.

Na kengele hazikuwahi kulia kwa ajili yake. Kwetu gari jekundu likishinda, kengele za kanisa hulia. Ndivyo ilivyokuwa tangu kabla sijazaliwa. Baba yangu, Ermes, ndiye aliyekuwa mpigaji. Elio alipokuwa mdogo alizoea kuning'inia naye kwenye kamba, ikimnyanyua juu na kumshusha, kicheko chake kikisikika mpaka barabarani. Lakini alipotwaa ubingwa kwa Waingereza, Padre Ansaldo alikunja mikono kifuani akasema, "Kengele ni za gari, si za dereva." Ubingwa wa kwanza ukapita kimya. Wa pili vilevile. Jumapili iliyofuata Bibi alikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani, na Padre alilielewa hilo vizuri sana.

"Bibi," nilimwambia siku moja tukifunga tortellini, "si umwambie tu? Neno moja. Rudi."

"Sisemi."

"Kwa nini?"

Alikibana kifuko kwenye ncha ya kidole chake kidogo, akakiweka safuni pamoja na wenzake. "Baba yake alipotaka kwenda Ubelgiji, nililia pale langoni. Akabaki mwaka mzima kwa ajili ya machozi yangu. Na mwaka mzima alikula chakula changu kama mfungwa. Halafu akaenda, asirudi tena. Mimi simwiti mtu kwa machozi, Oriella. Akija, aje mwenyewe."

Na hakuishia hapo. Aliingia baa, mahali asipowahi kukanyaga, akasimama mlangoni na aproni yake. Karata zikasimama hewani. "Nasikia mnataka kumpigia mtoto simu," alisema. "Atakayembembeleza Elio, hata kwa salamu, Krismasi hatakula tortellini zangu." Kisha akaondoka. Kuna wanaume pale waliokuwa hawamwogopi hata meneja wa kiwanda, lakini simu hawakuigusa.

Jumanne jioni Elio alipiga mwenyewe. Kesho, alisema, atatia saini na Waingereza, miaka mitatu mingine. Atampigia kwanza asubuhi kabla ya kuingia chumba cha mkutano, ili habari ya mwisho aipate kwake, asije akaisoma gazetini.

"Gari lao ni zuri, Bibi."

"Basi saini, mwanangu. Panda gari linalokimbia."

"Huna neno?"

"Neno gani tena? Kula vizuri."

Bibi akaikata simu. Akachukua kungumanga akawa anaikuna, anaikuna, mpaka imebaki vumbi, kiasi cha kuvitosha vijiji vitatu. Sikuthubutu kumtazama usoni. Niliumia kwa ajili yake, nikamkasirikia pia, maana nilijua kwamba angesema neno moja tu Elio angepanda ndege ya usiku huohuo.

Jumatano kulipambazuka na jua safi. Bibi alinipa kazi zake za kawaida: nimletee mayai, nimrudishie jirani bakuli lake, nipite kwa Iolanda, mke wa Gualtiero, nimwambie bendera yao ya Wekundu inanuka. "Imejaa mvinyo na sigara za mwaka mzima," alisema akisukuma unga. "Jumapili wageni watajaa. Aifue leo, jua lipo."

Iolanda alipandisha mabega. "Eti inanuka? Kasema nani?"

"Bibi Desolina."

Akaikunjua, akainusa, akafumba macho. "Haya. Inanuka."

Sasa, bendera ile haikuwa pambo. Kule juu ya mnara wa kengele hakuna televisheni, na tangu zamani Gualtiero na baba yangu walikuwa na ishara yao: Wekundu wakishinda, Gualtiero anaishusha bendera kubwa kutoka dirisha la juu ya baa, baba anaiona, anavuta kamba. Wiki ile walikuwa wamekwenda mbali zaidi. Walimbembeleza Padre mpaka akakubali kwamba Elio akisaini na Wekundu, hiyo nayo ihesabiwe ushindi. Kwa hiyo kila asubuhi baba alipanda mnarani na mkate na kipande cha soseji ya salami, akajikalia kule kama kuku anayeatamia, macho kwenye dirisha lile. Mama alimwambia ahamishie godoro hukohuko.

Nami nikarudi mezani na mayai yangu. Simu ikalia, nikaishika, nikaiweka kwenye sikio la Bibi. Elio alikuwa anaeleza kwamba wanamsubiri. Iolanda, huko kwake, alikuwa amemaliza kufua, na bendera kubwa namna ile haienei kwenye kamba ya uani, basi akaitundika kwenye dirisha lilelile la juu ya baa. Ilikuwa inachuruzika maji. Lakini kutoka mnarani, matone hayaonekani.

Baba aliivuta kamba kwa nguvu za miaka yote aliyokuwa akingoja.

"Nani kashinda?" aliuliza Elio. Bibi alinipokonya simu kwa mikono yake ya unga. Akatembea hadi dirishani, waya ukajikunjua wote, akanyoosha mkono nje kadiri alivyoweza, na mkonga wa simu ukabaki unaning'inia juu ya barabara.

Chini, kijiji kilikuwa kimerukwa na akili. Wanawake walitoka kwa msusi na vichwa vyenye povu. Trekta la kina Bertoni lilipiga honi mfululizo. Wazee wa karata walikumbatiana, wengine walikuwa hawajasemezana tangu uchaguzi. "Kasaini! Mtoto kasaini!" Padre Ansaldo alitokea shavu moja limenyolewa na la pili lina sabuni, akajifuta machozi na sabuni kwa pamoja. Mtu mmoja akaanza kumwita Elio kwa jina, halafu wote wakaliita, kwa mdundo wa kengele. Nilitaka kumsaidia Bibi kuushika mkonga, akanikataza kwa jicho.

Aliirudisha simu sikioni, nami nikasogeza kichwa changu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mimi sijasema neno."

Kisha ikaja sauti ambayo sikujua kama ni kicheko. "Bibi, hawa wananingoja na kalamu mkononi."

"Kalamu haichachi," alisema Bibi, akakata simu, akarudi kwenye unga wake kabla haujakauka.

Dakika chache baadaye ukweli ukatoka. Tulimwona baba akishuka mnarani, mikono juu kama bingwa, na Iolanda akimkimbilia na beseni mkononi.

"We Ermes, mpumbavu we! Nimeianika!"

"Umefanyaje?"

"Nimeianika! Nimeifua, inakauka!"

Shangwe ilizimika mtu kwa mtu, kama taa za mtaa. Baba alisimama katikati ya uwanja, rangi imemtoka. "Padre," alisema, "mimi nimetazama bendera tu." Gualtiero akakaa chini kwenye ngazi, akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na kicheko kile kikawapata wengine wote, kwa sababu walikuwa wameshaonja furaha na hawakutaka kuirudisha.

"Lisemwalo lipo," alisema akijipangusa macho.

"Kama halipo laja!" uwanja mzima ukaitika.

Na kweli likaja. Elio hakutia saini siku ile, wala kesho yake. Jumapili alikimbia Monza na gari la kijani, akamaliza wa tatu, na Jumatatu Wekundu wakatangaza kwamba Elio ni wao. Baba hakutaka kuikaribia kamba mpaka Gualtiero alipokwenda kumwonyesha gazeti kwa mkono wake, na Iolanda akaapa mbele ya Padre kwamba safari hii bendera ni kavu.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Elio alishinda na gari jekundu kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa kwa Bibi. Asubuhi alikuwa amekigeuza kiti chake bila kumwambia mtu, akakaa ameikabili televisheni, miwani imefutwa, nywele zimechanwa. Hakushangilia. Kengele zilipoanza, alimnyooshea kidole yule kijana mwenye kofia nyekundu ya chuma aliyesimama juu ya gari, akaniambia, "Amekonda." Akalia waziwazi, wala hakujificha.

Elio mpaka leo huwaambia waandishi kwamba hakuitwa na mtu, kwamba alisikia kengele tu, na anaamini hivyo. Baba alikufa akiamini kwamba kosa lake ndilo lililomrudisha mtoto, na kwa hilo alinunuliwa vinywaji katika uzee wake wote. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuwaza vingine. Bibi alikuwa amekaribia tisini, macho hayaoni vizuri, vidole bado vinaijua kazi. Tulikuwa tunafunga tortellini za Krismasi.

"Bibi," nilimwambia, "siku ile ya kengele. Ulijua Elio atapiga simu asubuhi. Na baba ulijua yuko mnarani."

Hakuinua uso. Alikibana kifuko kwenye kidole chake kidogo, akakiweka safuni.

"Bendera ilikuwa chafu," alisema. "Hebu nipe kungumanga."