Pumzi za Wifi

Mhadhiri wetu ana tabia moja: ukivuka kurasa kumi, anapiga mstari mwekundu hapo hapo na kuacha kusoma. Hitimisho lote la kazi yangu ya utafiti, nililolipenda kama mtoto wa kumzaa, lilibaki chini ya mstari. Nikaanguka. Chuo kikanipa nafasi moja ya kuiandika upya kazi ile. Nikianguka tena, nafungasha virago.

Hakunionea, ingawa nilimnunia wiki nzima. Mimi nikitaka kusema maji ni muhimu, naanzia dunia ilipoumbwa.

Aliyeniokoa ni wifi, mke wa kaka yangu; naishi kwao. Wifi ni msomaji wa taarifa ya habari redioni. Wakati huo alikuwa likizo, ujauzito umefika miezi minane, miguu juu ya stuli, amechoka kukaa bure.

"Lete nikusomee," akasema. "Sisi redioni, sentensi isiyosomeka kwa pumzi moja tunaikata."

Akaanza kwa sauti yake ya habari: "Kwa kuzingatia ukweli usiopingika kwamba, katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi, suala zima la usafi wa maji ya visima ni miongoni mwa masuala ambayo..." Pumzi zikamwishia. Akashika tumbo, akahema, akanitazama.

"Wifi, unataka nijifungulie hapa kwenye kochi? Huyu mtu anasema nini?"

"Anasema visima vile vina maji machafu."

"Basi si aseme."

Tukakata. Kila alipokwama na kuhema, nilifuta. Mtoto alizidi kumbana mbavu, pumzi zikazidi kuwa fupi, na sentensi zangu nazo. Aya moja niliipigania mpaka machozi. Wifi akairudia mara mbili, jasho linamtoka, bila kulalamika. Nikaona haya, nikaifuta mwenyewe.

Matokeo yalitoka akiwa ananyonyesha. Kazi yangu haikuwa na mstari mwekundu popote, na chini ya sentensi ya mwisho mhadhiri aliandika, "Nimesoma yote."

Nikakaa pembeni ya kitanda chake. "Wifi, kwa kweli, ukiangalia tulikotoka na jinsi ambavyo..."

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

Akalia yeye kwanza, mtoto akafuata, na mimi nikawa wa tatu. Njia nzima nilikuwa nikimwandalia shukrani ndefu. Nikamshika mkono, nikasema asante.