Shingo ya Baron

Mbwa aliyelelewa na mzungu hafungwi kamba ya mbuzi. Hilo Papa Télesphore aliliamua siku ileile Baron alipoingia uani kwake, pale Muhumba, mjini Bukavu. Mzungu mwenyewe, mkuu wa mradi ambao Télesphore aliuandikia ripoti, alikuwa amemaliza mkataba wake na kurudi kwao, na ofisi nzima ikagombea vitu vyake. Mmoja akabeba friji, mwingine godoro, mwingine akang'oa hata mapazia. Télesphore akachukua mbwa. Friji, alisema, siku hizi kila mtu anayo. Lakini mbwa wa mbegu ya Ulaya, mwenye masikio yaliyosimama na jina la cheo, hiyo ndiyo heshima. Mkewe Colombe aliyatazama yale mapazia yakienda kwa wengine.

Tatizo ni kwamba Baron alikuja shingo tupu. Mzungu alimwacha mbwa akaondoka na ukanda wake. Ndipo ikaanza kazi ya kutafuta ukanda mwingine, kazi ambayo Télesphore aliifanya kwa bidii ambayo ripoti za ofisini hazijawahi kuiona.

Kwanza alikwenda soko la Kadutu, akachakura marundo ya nguo za mitumba hadi akaokota mkanda wa kike wenye bizimu la kipepeo. Baron aliula kabla ya chakula cha mchana. Akanunua mnyororo wa chuma unaong'aa. Ukamnyonyoa mbwa manyoya, na jirani akauliza kwa adabu kama Baron ameanza kuimba rap. Wa tatu aliununua kwa mchuuzi wa mpakani Ruzizi, wa nailoni, na huo aliuchagua mpana kusudi, kama tunavyowanunulia watoto mashati ya shule, ili mwenyewe akue humo. Mtu ana shahada ya uchumi. Baron, aliyeacha kukua miaka mingi iliyopita, alitoa kichwa chake polepole, akashuka mjini, na akapatikana mbele ya jiko la mshikaki amekaa kama mteja.

Baada ya aibu hiyo Télesphore alichukua futi ya kushonea ya mkewe, akampigia mbwa magoti, akampima. Sentimita arobaini na moja. Namba hiyo aliishika kichwani kuliko tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe Chris. Kisha akampigia simu mdogo wake Gentil, anayekwenda Kampala kuleta bidhaa.

Hapa niseme jambo moja. Waliotuletea Kifaransa walikuwa mabahili wa maneno. Kidani cha mwanamke wakakiita kolie, na ukanda wa shingo ya mbwa wakauita kolie vilevile, kisha wakatuachia sisi tupambane nalo.

"Gentil, iyo kolie ikuwe ya kweli, hapana ile ya plastiki ya Wachina," Télesphore alisema akitembea barazani, simu sikioni. "Nyekundu. Shingo iko quarante et un. Na ndani ikuwe laini, juu ngozi yake inaumiaka mbio. Ifike mbele ya jubilé ya ndoa, unasikia? Nataka ionekane mu picha."

Alipogeuka alimwona Colombe kwenye dirisha la jikoni, mwiko mkononi. Mke huyu alikuwa ameomba jiko la gesi tangu Pasaka, naye hapa anaagiza vitu Kampala kwa ajili ya mbwa. Akasubiri maneno.

"Nimesikia," Colombe alisema.

"Umesikia nini?"

"Kolie. Nyekundu iko muzuri, Papa Chris. Wakati ilikuwa imefika." Na akarudi kwenye sufuria yake akiimba wimbo wa misa.

Télesphore alibaki pale barazani ameguswa sana. Kumbe mwanamke anaweza kubadilika. Kumbe Colombe naye ameanza kumpenda Baron.

Siku zilizofuata zilikuwa za asali. Sambaza, dagaa wa ziwa letu, zilikaangwa jinsi anavyozipenda, zikiwa kavu, na pilipili pembeni. Colombe aliacha kulalamika kwamba mbwa anakula nyama kuliko wageni. Akaenda kwa fundi akashonesha kitenge cha jubilé chenye shingo iliyokatwa wazi, wazi kabisa, hadi mabega, ilhali ni majira ya mvua na Bukavu nzima inavaa sweta. Télesphore aliiona nguo hiyo akaona fundi amepunja kitambaa. Akamwambia mkewe ajifunike shali. Colombe akacheka, akamgusa shavu. Alikuwa hajamgusa shavu kwa muda mrefu, na Télesphore alifurahi, ila hakujiuliza kwa nini.

Jubilé yenyewe ilikuwa ya miaka ishirini na mitano ya ndoa. Télesphore aliiandaa kwa upande wake: suti mpya ya kwake, hotuba ya Kifaransa ya kwake, na picha ya familia ambayo katikati, mbele kabisa, angekaa Baron.

Siku ikafika. Baada ya misa watu walijaa uani chini ya turubai, bia zikafunguliwa, kikundi cha akina mama wa shirika la kanisani kikashika viti vya mbele. Hotuba ilikuwa imefika ukurasa wa tatu Gentil alipoingia getini na vumbi lake la safari, kisanduku mkononi. Maman Constance, rais wa wale akina mama, hakungoja. Alinyakua mikrofoni.

"Papa Chris, iyo français tutaimaliza kesho. Sisi bote tunajua kitu iko mu ile sanduku. Maman Chris alituambia, na tulivumilia mpaka tumechoka. Muvalishe bibi yako kolie yake, tuone."

Vigelegele vikapasua turubai. Colombe alisimama. Akavua shali, akafumba macho, akainamisha shingo yake iliyo wazi mbele ya watu wote. Simu zikainuliwa juu kupiga picha.

Ndipo Télesphore akaelewa. Akaelewa yote kwa mkupuo mmoja: sambaza, kitenge, shavu. Alikuwa na nafasi moja ya kuwa mwanamume. Angeweza kusema Gentil amebeba kisanduku kisicho chake, angeweza kuzimia, watu wazima wamewahi kuzimia kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Badala yake alikipokea kisanduku kwa Gentil, akakifunika kwa viganja viwili, kama mtu anayelinda kifaranga, na Maman Constance, aliyedhani ni aibu ya bwana arusi, akakipokonya na kukifungua mwenyewe.

Ukanda wa ngozi nyekundu, upana wa vidole viwili, bizimu la chuma, na kibati cha shaba. Maman Constance alikisoma kwenye mikrofoni kabla akili haijamfikia.

"Baron. Ukinipata, piga..." Na namba ya Télesphore ikafuata, tarakimu mbili za mwisho kwa sauti ndogo sana.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomwogopesha Télesphore. Baron, aliposikia jina lake, alikuja akakaa mbele yao akitikisa mkia.

Colombe alifumbua macho. Aliutazama ukanda, akamtazama mbwa, akamtazama mumewe, bila haraka.

"Shingo ya Baron iko ngapi?" aliuliza.

"Quarante et un." Jibu lilitoka mbio, kama la mwanafunzi wa mbele darasani.

"Na yangu?"

Télesphore alifungua mdomo. Miaka ishirini na mitano ilipita humo na hakuna hata namba moja iliyotoka.

"Nilisikia quarante et un, nikajipima," Colombe alisema. "Nikaona haiko yangu. Nikasema, haizuru, alau amefikiria." Akauchukua ukanda kutoka mkononi mwa Constance, akauvaa, akaufunga kwenye tundu la mwisho. Ulimpwaya, kibati kikamlalia kifuani. Kisha akamwita kaka yake Ignace, wakatoka getini, wakapanda gari kwenda Nyantende, kwa watu wake.

Ungedhani mtu aliyefikwa na hayo angetambaa kwa magoti hadi Nyantende jioni hiyohiyo. Télesphore alikuwa na mipango mingine. Alimgombeza Gentil kwa kufika saa mbaya. Aliwaeleza majirani kwamba yote ni kosa la lugha. Alisahihisha hotuba. Na kwa kuwa Baron sasa alikuwa amefungwa kamba ya mbuzi, na hilo halikumpa raha, alimpigia Gentil tena, safari hii akinong'ona: kama kuna mtu anakwenda Kampala, alete ukanda mwingine, rangi yoyote.

Simu kutoka Nyantende ililia siku chache baadaye, mchana.

"Allo," ilisema sauti ya Ignace. "Niko natafuta mwenye hii numéro. Kuko kitu tumepata hapa, numéro iko ku shingo."

"Beau-frère, ni mimi. Iko yangu. Nakuya kumuchukua leo leo."

"Muzuri. Lakini huku kwetu, mwenye kitu anasemaka kwanza alama ya kitu yake. Siku imbwa yako ilipotea kule mujini, uliwaambia batu alama zote, hata ukucha. Sasa tuambie ya huyu. Shingo iko ngapi?"

Télesphore alizunguka sebule nzima kwa macho. Futi ya kushonea ilikuwa juu ya meza, ileile aliyompimia Baron. Kupitia mlango wa chumbani, kabati la Colombe lilionekana wazi, na nguo alizoziacha zilining'inia humo, kila moja na shingo yake; hakuwahi kuzigusa. Baron alikuja akamwegemea mguu, akainua kidevu kama anayetaka kupimwa tena. Ignace alisubiri, kwa subira ya mtu asiye na shida yoyote.

Kwa mbali, ndani ya simu, akamsikia Colombe akiuliza, "Bado hajue?"

"Bado," Ignace alimjibu, na simu ikakatika.